Muda wa ziada si sadaka: mtihani upime akili, usipime macho wala miguu

Vijana wenzetu wa Lusenda, wa Baraka, wa Fizi nzima, na ninyi mlio Uvira na Bukavu juu ya masomo,

Kila sesioni ya mitihani ikikaribia, maneno ni yaleyale. Nani amemaliza minervali, nani bado, nani atarudishwa mlangoni juu ya deni. Maneno hayo tunayapigia kelele, na tuko na haki. Lakini kuna mwanafunzi mwingine ambaye hatumzungumzii. Amelipa yote. Amesoma yote. Jina lake liko kwenye liste. Halafu anaanguka juu ya karatasi yenye herufi ndogo asizoweza kuziona, ao juu ya ngazi asizoweza kupanda, ao juu ya saa tatu ambazo hazimtoshi kwa sababu mkono wake unaandika polepole. Juri inakaa, inasoma 7 juu ya 20, na kila mtu anasema: huyu hakujua kitu.

Alijua. Hatukumuuliza kwa njia ambayo angeweza kujibu.

Leo tunasema neno moja tu, na tutalirudia mpaka lisikike: kumpangia mwanafunzi mwenye ulemavu namna ya kufanya mtihani si huruma ya mwalimu. Ni kazi ya chuo. Inapashwa kupangwa mapema, kwa maandishi, mbele ya sesioni kuanza. Jambo likiachwa mpaka asubuhi ya mtihani, likategemea kama asistanti ameamka na roho nzuri, hiyo haiitwi haki. Hiyo ni bahati nasibu.

Juu ya nini tunasema haya tukiwa Lusenda

Watu mingi wakisikia Lusenda wanafikiri kambi tu, ile iliyofunguliwa 2015 kwa ndugu zetu Warundi walipokimbia matatizo ya kwao. Kambi iko, ni kweli. Lakini Lusenda ni kijiji vilevile, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya Uvira na Baraka. Wenyeji na wakimbizi wanakutana sokoni, kwenye maji, hospitalini Nundu na darasani. Mtoto wa mkimbizi anasoma programu ya Kongo, na mwisho wa sekondari anafanya Exetat ileile anayofanya mtoto wa mwenyeji.

Sasa fuateni njia ya mtoto mwenye ulemavu anayeanzia hapa. Shule ya msingi: darasa limejaa, mwalimu anaandika ubaoni. Asiyeona anabaki kusikiliza, asiyesikia anabaki kutazama midomo. Anayetembea kwa magongo anapita matope wakati wa mvua, na akifika choo cha shule hakimfai. Wengi wanaachia hapo. Wanaobaki wanaenda sekondari, halafu wanakutana na Exetat, mtihani ambao nchi yetu inaufanya tangu 1967. Maswali ni ya kuchagua, na majibu yanatiwa alama kwenye karatasi itakayosomwa na mashine. Muulize asiyeona atatiaje alama kwenye vile visanduku peke yake.

Akipita hapo, bado. Anapashwa kutafuta chumba Baraka, Uvira ao Bukavu, mbali na mama na ndugu waliokuwa wanamsaidia kila siku. Anapashwa kupata pesa ya pikipiki wakati wenzake wanatembea kwa miguu. Anapashwa kutafuta mtu wa kumsomea silabusi.

Kwa hiyo yule unayemuona kwenye auditwari na fimbo nyeupe mkononi, usimfikirie kama mtu dhaifu aliyesaidiwa kufika. Amepita machujo ambayo sisi wengine hatukuwekewa. Halafu, kwenye mlango wa mwisho kabisa, tunamwangusha juu ya ukubwa wa herufi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu bilioni 1,3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani karibu mtu mmoja kati ya sita. Angalia promosyoni yako. Je, uko na mmoja kati ya sita? Kama hauwaoni, usiseme hawako. Jiulize walibaki wapi njiani.

Na huku kwetu ongeza vita. Tangu 1996 Fizi imesikia risasi za kila jina. Kuna vijana wa umri wetu ambao hawakuzaliwa na ulemavu. Risasi ndiyo iliwaachia. Nchi iliyoshindwa kulinda miguu yao iwalindie angalau diploma yao.

Kupanga maana yake nini hasa?

Tukisema "mpango wa mtihani", wengine wanafikiri tunaomba maswali mepesi. Hapana. Maswali yabaki yaleyale. Pointi zibaki zilezile. Kumi juu ya ishirini ibaki kumi juu ya ishirini. Kinachobadilika ni njia ya kufikisha swali kwa mwanafunzi, na njia ya mwanafunzi kufikisha jibu kwa mwalimu. Tuangalie moja moja.

Asiyeona kabisa anaweza kupewa maswali kwa maandishi ya nukta nundu kama alijifunza kuyasoma. Kama hakujifunza, ao chuo hakina mashine ya kuyachapa, kuna njia tatu zingine: msomaji na mwandishi katika chumba cha pembeni, mtihani wa mdomo mbele ya walimu wawili, ao kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti. Programu hiyo ipo ya bure. Inaitwa NVDA, ilianzishwa 2006 na kijana wa Australia asiyeona, na inazungumza Kifaransa. Simu nyingi za Android tunazotembea nazo mfukoni ziko na kisomaji cha namna hiyo, kinaitwa TalkBack. Watu mingi wanayo bila kujua.

Anayeona kidogo, na hapo tuhesabu ndugu zetu wengi wenye ualbino, anahitaji herufi kubwa, kiti fasi yenye mwanga mzuri usiomchoma macho, na ruhusa ya kuinamia karatasi bila kushukiwa. Karatasi ya A4 inaongezwa kwenye A3 na mashine ya fotokopi. Ni karatasi mbili tatu. Hatuzungumzi juu ya mamilioni.

Asiyesikia, wengi wanafikiri mtihani wa kuandika haumsumbui. Kumbe unamsumbua. Mwalimu anaingia na kusema kwa mdomo: "Swali la tatu lina kosa, badilisheni tarakimu ile." Mia moja wanabadilisha, mmoja anaendelea na swali la zamani. Dawa yake ni chaki: kila tangazo liandikwe ubaoni. Tena, kwa wengi wao Kifaransa ni lugha ya pili nyuma ya lugha ya alama. Kosa la sarufi lisimnyang'anye pointi za biolojia ao za uchumi. Na mtihani wa mdomo ugeuzwe wa kuandika, ao mkalimani awepo.

Hapa tukumbuke mtu mmoja. Andrew Foster, Mwamerika mweusi aliyekuwa kiziwi, alikataa wazo kwamba kiziwi hasomi. Alimaliza chuo cha Gallaudet 1954, mweusi wa kwanza kufanya hivyo, kisha akaja Afrika. Alifungua shule yake ya kwanza Ghana 1957, na kazi yake ikaenea nchi nyingi, Kongo ikiwemo. Alikufa Desemba 1987 kwa ajali ya ndege Rwanda, hapa jirani. Viziwi wengi wa Afrika waliosoma wamesoma juu ya mtu huyo. Basi usiseme ni mambo ya Wazungu ao ya kesho. Yalianza mbele yetu sisi kuzaliwa.

Anayetumia kiti cha magurudumu ao magongo anahitaji chumba cha chini, meza inayomfaa na choo cha karibu. Hapo chuo hakinunui kitu chochote. Kinabadilisha tu namba ya chumba kwenye ratiba.

Aliyepoteza mkono, ao ambaye mkono wake unatetemeka, anahitaji mwandishi ao muda wa ziada. Na kuna ulemavu usioonekana: kifafa, anemia SS ambayo maumivu yake yanashika bila kuuliza ni siku gani, na wale ambao herufi zinawachezea ingawa kichwani wako sawasawa. Hao wanahitaji muda wa kupumzika kidogo katikati, na siku nyingine ya kufanya kama ugonjwa umewaangusha siku ya mtihani.

Hakuna hata kimoja hapo kinachomwambia mwanafunzi jibu.

Sheria iko. Tusiambiwe haiko

Wakubwa wanapenda kusema "tunangoja maandiko". Maandiko haya hapa.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za kumlinda, kulingana na mahitaji yake.

Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinataja elimu ya juu waziwazi: nchi ihakikishe watu wenye ulemavu wanaifikia bila ubaguzi, sawa na wengine, na wapangiwe marekebisho yanayofaa. Na kifungu cha 2 kinasema neno ambalo kila doyeni angelibandika mlangoni: kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Siyo upungufu wa huduma, siyo bahati mbaya. Ubaguzi.

Mwaka 2019 serikali iliweka waziri mjumbe wa watu wenye ulemavu, mama Irène Esambo. Na 3 Mei 2022 ikatangazwa sheria ya kiorganiki namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Ni sheria ya Kongo, yenye sahihi ya Rais wa Kongo. Haikuletwa na shirika.

Na mkimbizi? Kongo iko na sheria ya wakimbizi tangu 2002. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu hausemi "raia tu". Mwanafunzi Mrundi wa Lusenda asiyeona anapokaa kwenye benchi ya chuo chetu, mtihani wake ni mtihani wetu.

Kwa hiyo sheria iko. Swali letu ni dogo zaidi: kwenye ubao wa matangazo wa chuo chako, pembeni ya ratiba na orodha ya wadeni, kuna karatasi inayosema mwanafunzi mwenye ulemavu aende ofisi gani, siku gani, na barua gani? Kaangalie kesho asubuhi. Kama haiko, basi sheria haijafika kwenu.

Majirani wanafanya, tena kwa mitihani ya taifa

Hatutaki kuambiwa ni ndoto za Ulaya. Tuangalie ng'ambo ya ziwa.

Tanzania, baraza lao la mitihani linatangaza wazi: mtahiniwa mwenye mahitaji maalum anaongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wasioona wanapewa maandishi ya nukta nundu, wanaoona kidogo wanapewa maandishi makubwa. Msimamizi hana cha kubishana. Anaangalia saa yake, anahesabu, basi.

Uganda, baraza lao linawaongezea watahiniwa wa namna hiyo dakika 45 kwa mtihani. Vilevile vyuo vikuu vya serikali vina nafasi 64 ambazo serikali inazilipia kwa wanafunzi wenye ulemavu. Na Kyambogo, iliyoundwa 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, ina fakulte nzima ya elimu ya mahitaji maalum.

Kenya, Katiba yao ya 2010, kifungu cha 54, inataja lugha ya alama na nukta nundu kwa majina yake.

Hatusemi huko ni paradiso. Wenzetu wa huko nao wanalalamika, na wako na sababu. Lakini angalieni tofauti. Kule mwanafunzi analalamika kwamba kanuni haikufuatwa. Huku anaanza kwa kueleza, kila sesioni, kwa kila mwalimu, kwamba yeye haoni. Kanuni yenye namba ndani yake inaweza kudaiwa. Huruma huwezi kuidai.

Fanya hesabu. Mtihani wa saa tatu, kwa kipimo cha Tanzania, unaongezwa nusu saa. Saa nzima kama ni Hisabati. Hiyo ndiyo inayoshinda vyuo vyetu? Asistanti mmoja kubaki nusu saa?

"Lakini..."

Tumeyasikia yote. Tujibu.

*"Lakini wataiba."* Wizi wa mitihani tunaujua sote, na hauletwi na wanafunzi wasioona. Mwandishi anaweza kuwekewa kanuni: asiwe ndugu ya mwanafunzi, asiwe wa promosyoni moja naye, asiwe mtu wa somo hilo. Anaandika anachoambiwa, hata kama ni kosa. Msimamizi anakaa nao chumbani. Kwenye mtihani wa lugha, mwanafunzi anataja tahajia ya maneno. Tena ukitaka, simu moja inarekodi sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, na chuo kinaitunza mpaka juri imalize. Ni mtihani gani mwingine unaochungwa hivyo?

*"Lakini hakuna pesa."* Kubadilisha chumba: bure. Kuandika tangazo ubaoni: bure. Nusu saa: bure, ao jasho kidogo la msimamizi. Fotokopi ya A3: bei ya maandazi. NVDA: bure. Kinachodai pesa kweli ni mashine ya nukta nundu na mkalimani wa lugha ya alama, na hata hapo vyuo viwili vitatu vya mji mmoja vinaweza kuchanga. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu ambacho kimefanya kazi na watoto wenye ulemavu tangu zamani. Ujuzi uko Kivu hii hii. Mtu akauulize.

*"Lakini wako wawili tu."* Ndiyo maana ni rahisi. Chuo kinachoshindwa kupangia watu wawili kitapangiaje mia? Tena wako wawili juu ya nini? Mdogo wao kule kijijini anasikia kaka yake aliangushwa, anaweka daftari chini. Kila anayeanguka kwa njia hii anafunga mlango nyuma yake.

*"Lakini diploma yao itadharauliwa."* Itadharauliwa na nani? Kama maswali ni yaleyale na pointi ni zilezile, diploma ni ileile. Kinachodharaulisha diploma ni pointi za kununua. Hapo tuko tayari kuzungumza siku nzima.

*"Lakini alete cheti cha daktari."* Sawa, alete. Kimoja. Siyo kipya kila sesioni, kwa pesa mpya na safari mpya. Mguu uliokatwa hauoti tena kati ya sesioni ya kwanza na ya pili.

Mpango wenyewe, wiki kwa wiki

Tunapenda kudai, lakini tunapenda pia kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Hivi ndivyo chuo chochote cha Fizi, Uvira ao Bukavu kinaweza kufanya bila kungoja Kinshasa.

Siku ya kuandikishwa mwanzo wa mwaka, fomu iwe na swali moja: una ulemavu ao ugonjwa unaohitaji mpango wakati wa masomo na mitihani? Aulizwe kwa heshima, na asilazimishwe kujibu. Anayejibu ndiyo anakutana na mtu mmoja mwenye jina na ofisi. Huyo ndiye atamfuata mwaka wote, kusudi mwanafunzi asizunguke kwa walimu kumi akirudia maneno yaleyale.

Wiki sita mbele ya sesioni, mwanafunzi na mtu huyo wanaandika mpango kwenye karatasi moja: somo gani, njia gani, dakika ngapi za kuongeza, chumba gani. Mwanafunzi ndiye anaanza kusema, kwa sababu ndiye anajua. Si kila asiyeona anasoma nukta nundu, na si kila kiziwi anasoma midomo.

Wiki nne mbele, doyeni anatia sahihi. Kopi moja kwa mwanafunzi, moja kwa kila mwalimu, moja kwa apariteri, moja kwa juri. Tangu hapo, mwalimu hana ruhusa ya kusema "mimi sikuambiwa".

Wiki mbili mbele, wanajaribu: kompyuta inawaka? Chumba kiko na mwanga? Kama umeme ukikatika, jenereta iko wapi? Mwandishi amefundishwa kanuni? Huku kwetu umeme si kitu cha kuwekea imani, kwa hiyo mpango wa pili uandikwe pembeni ya ule wa kwanza.

Ratiba ikibadilika, na sisi tunajua zinavyobadilishwa usiku, mwenye mpango apigiwe simu kwanza. Mwingine anaweza kukimbia kwenye ubao saa moja asubuhi akasoma. Asiyeona hawezi. Anayetoka Lusenda kwa pikipiki, kwenye barabara ambayo mvua moja inaifunga, hawezi.

Siku ya mtihani, mwanafunzi anaingia kama wengine, bila kuelezea maisha yake mlangoni mbele ya watu mia. Heshima hiyo ni sehemu ya mpango. Nyuma ya sesioni, wanakaa tena dakika kumi: nini kilienda vizuri, nini kilikwama.

Karatasi moja, watu wachache, wiki sita. Hiyo ndiyo yote.

Tunachodai

1. Kila chuo kikuu na kila taasisi ya juu ya Fizi, Baraka, Uvira na Bukavu, vya serikali na vya kipekee, kibandike kanuni yake ya mitihani kwa wanafunzi wenye ulemavu mbele ya sesioni inayokuja. Iwe na namba ndani: dakika ngapi, siku ngapi, ofisi gani.

2. Muda wa ziada usipungue dakika 10 kwa kila saa. Majirani wameweza.

3. Mwanafunzi asilipishwe hata franga moja juu ya mpango huo. Mwandishi, fotokopi kubwa, chumba cha pembeni: vyote ni gharama za mtihani, kama vile chaki.

4. Aliyefanya mtihani bila mpango wake, ingawa aliuomba kwa wakati, arudishiwe mtihani. Asihesabiwe ameanguka.

5. Wizara ya elimu ya juu itoe barua ya duara kwa vyuo vyote vya nchi, ikitumia sheria ya 3 Mei 2022. Na wanaosimamia Exetat waanzie hukohuko, kwa sababu anayeangushwa pale hafiki chuoni.

6. Mashirika yanayolipia masomo ya wakimbizi wa Lusenda yaulize chuo kuhusu mpango huu mbele ya kulipa. Bursa inayompeleka mtu kwenye mtihani asioweza kuusoma ni pesa iliyotupwa ziwani.

Na sisi wenyewe

Tusimalize kwa kunyooshea wakubwa kidole tu. Kwenye promosyoni yako kuna mwenzako ambaye watu wanamuita kwa ulemavu wake kuliko jina lake. Anza hapo: mwite jina lake. Chefu wa promosyoni, ukipeleka malalamiko kwa doyeni, peleka na hili. Uliye na sauti nzuri, rekodi silabusi kwenye simu, umtumie. Unayejua kompyuta, kaa naye jioni moja, mfungue TalkBack pamoja. Na mwenzako akiongezewa nusu saa, usinung'unike eti amependelewa. Wewe ulipewa macho kwa saa zote tatu, hakuna aliyenung'unika.

Kwa ndugu zetu wenye ulemavu mnaosoma maneno haya, ao mnaosomewa: ombeni kwa barua, siyo kwa mdomo. Wekeni kopi yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Wakikataa, waandike kukataa kwao. Barua hizo mtuletee, na hatutaziacha zilale. Tutaenda nanyi mpaka kwa rekteri, mchana, kwa amani, na kopi ya sheria mkononi.

Sesioni inakaribia. Wiki sita zinaanza kuhesabiwa leo.